Kiangazi Tusichokijua

Pradel, Bonde la Zoldo
Jumamosi, 2 Aprili 1988

Shangazi Norina, shikamoo!

Mimi mzima, nyumba nzima, mbuzi wa jirani yetu Bibi Beppina wazima na wameshanila kola ya shati. Paa halivuji, isipokuwa pale linapovuja. Theluji bado inafika magotini nyuma ya zizi. Kesho ni Pasaka na padre amesema atapanda kutusomea misa, mimi na Bibi Beppina, basi. Kijiji chote mmeondoka nacho. Tangu mlipofunga madirisha na kupanda basi, kila familia na duka lake la aiskrimu huko Ujerumani, mimi nikipiga chafya huku anayenijibu ni mbuzi.

Unakumbuka mchezo wetu wa kona ya daraja? Kila Novemba tukirudi, basi likifika pale unanipiga kiwiko: "Ilario, tazama moshi!" Natazama mabomba juu ya mapaa, tunajua nani kashatangulia nyumbani. La kwetu kila mwaka kavu, baridi, kwa sababu wa kuliwasha ni sisi wenyewe, na vidole vimekufa ganzi. Basi sasa linafuka mchana kutwa, mimi niko ndani, na hakuna mtu kwenye kona wa kuliona. Ndiyo bahati yangu hiyo.

Sasa tuje kwenye dau letu, usije ukasema nimejisahaulisha. Ulisimama hapa jikoni umeshavaa koti la safari, ukasema: "Kiangazi kimoja, Ilario. Nakupa nyumba ya marehemu baba yako, uifanye ya wageni. Novemba mosi, sikukuu ya Watakatifu Wote, ikifika na nyumba imesimama, ni yako, kaa nayo. Isiposimama, au ukiifunga kabla, mwakani unakuja Soest, unavaa koti jeupe, duka unalirithi, unakoroga aiskrimu mpaka uote mvi kama mimi." Nikakupa mkono. Ukanipa wa kushoto, wa kulia ulikuwa na sanduku, na hata huo wa kushoto ulinibana nikaona nyota.

Basi jua kwamba nimeanza vita. Nimeandika kipeperushi mwenyewe, kwa Kijerumani nilichookota nyuma ya kaunta yako tangu nina miaka kumi na minne, na mapengo nikayaziba kwa kamusi. Kimo humu ndani ya bahasha. Angalia vivutio hivyo, uone kama mtu anaweza kukataa: matembezi hadi kwenye maporomoko ya bluu, njia ya mkato inayopita katikati ya Ziwa la Mireti mpaka kwenye kibanda cha wachungaji, arusi za kijiji zenye muziki, siku ya kuchinja nguruwe, soseji za motomoto, jioni kulizunguka jiko na kusimuliana. Na mlima Pelmo, Kiti cha Mungu, upo dirishani, unatazama ukiwa kitandani.

Mchapaji wa Belluno alikisoma, akanitazama, akasema, "Kijana, una hakika?" Nikamwambia mimi mzaliwa wa kule, mzee, wewe chapa tu.

Mwanao,
Ilario, mwenye nyumba ya wageni (wageni wako njiani)


Soest, 20 Aprili 1988

Ilario mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Renate wa dukani naye mzima, amekata nywele amefanana na kaka yake. Mvua inanyesha tangu tufungue duka. Watu wa hapa wananunua aiskrimu huku wameshika mwavuli. Nawaheshimu.

Mwambie Bibi Beppina namsalimu na ile sufuria yangu ya shaba bado naikumbuka.

Kipeperushi nimekisoma mara mbili, kizuri. Una maneno ya Kijerumani marefu kama treni ya mizigo, lakini wenyewe watajua wayakate wapi. Kitu kimoja umesahau: kupanda sleji ya mbao na kuteleza kutoka kanisani mpaka darajani. Hilo ndilo jambo tamu kuliko yote katika kijiji chetu, na wewe hukuliandika! Liongeze kwa kalamu. Na waambie wageni waje na soksi za sufu, wasije wakatulaumu.

Nakala uliyoniletea nimeiweka mahali.

Hujasema una wageni wangapi. Umesema wako njiani. Njia gani hiyo?

Nakomea hapa, mashine inaniita.

Shangazi yako,
Norina


Pradel, 16 Juni 1988

Shangazi mpendwa, shikamoo nyingi!

Najua nimechelewa kujibu, ni shughuli. Yaani shughuli juu ya shughuli. Bibi Beppina mzima, anakusalimu, suala la sufuria amesema hasikii vizuri siku hizi. Nguruwe anakua. Paa nimelirekebisha mwenyewe baada ya kusoma kitabu, na sasa linavuja mahali pengine, papya kabisa.

Wageni wa kwanza wamefika! Bwana Pohlmann, tarishi mstaafu, na mkewe Gerda. Watu wazuri, wapole. Walishuka kwenye basi saa sita mchana, jua linachoma mpaka mawe yanalia, nao wamevaa kofia za sufu na soksi za sufu. Na Bwana Pohlmann kabeba sleji mgongoni.

Sleji, Shangazi. Chombo cha theluji, Juni. Sitaki kutaja jina la aliyeniambia niiongeze.

Sikushtuka. Nikajiambia, huyu mzee ana mambo yake, labda ndio mila za kwao. Kesho yake nikawachukua kwa njia ya mkato. Nilitangulia mbele kama jenerali, napiga mluzi. Kwanza ule uwanja mweupe nyuma ya kanisa, unaoukata ukiwa umefumba macho: si uwanja, ni tope! Gerda kazama mpaka kwenye goti. Nikasema, "Haya ni matope ya afya." Tukatoka hapo, tukafika Ziwa la Mireti, nikanyoosha mkono nikatangaza, "Sasa tunakata moja kwa moja mpaka ng'ambo."

Bwana Pohlmann akalitazama ziwa. Akanitazama mimi. "Kwa mtumbwi?"

"Kwa miguu," nikasema. Mdomo ulishasema kabla macho hayajaona.

Maji, Shangazi! Maji yanachezacheza, na bata wawili juu yake wananitazama kama wamenunua tiketi.

Hapo ndipo iliponiingia akilini. Mimi nimepita katikati ya ziwa lile mara mia, na mara zote lilikuwa jiwe la barafu. Nimezaliwa bonde hili, nimebatizwa bonde hili, na kiangazi chake sijawahi kukiona kwa akili zangu timamu, kwa sababu kila kiangazi niko Soest nakupangia vikombe! Kwenye kipeperushi chote nimeiandika Januari, nikaiuza kama Juni. Maporomoko si ya bluu, ni maji tu yanapiga kelele. Arusi hakuna, nani aoe kiangazi na mabibi arusi wote wako Ujerumani wanauza vanila? Siku ya nguruwe ni Desemba, na sasa hivi haiwezekani hata Desemba, maana Gerda kashampa jina. Anaitwa Helmut.

Tuliporudi, Bibi Beppina alikuwa ameketi mlangoni kwake ananingoja, habari zimefika kabla yetu, sijui zilipita njia gani kavu. "We Ilario!" akapaza sauti mpaka ng'ambo ya bonde. "Umewapeleka watu kutafuta barafu? Barafu yote si mmeihamishia Ujerumani, ukoo mzima, tangu enzi za babu yako? Hapa imekwisha, mwanangu! Imebaki nchi tu!"

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini kwa siku ile nilishaona ndani yake kuna nini.

Cha ajabu, hawakuondoka. Wameongeza wiki. Sleji Bwana Pohlmann anaitumia kubebea kuni.

Nyumba inakwenda vizuri sana.

Mwanao mwenye matope,
Ilario


Soest, 30 Juni 1988

Ilario,

Mzima. Joto. Foleni mpaka barabarani.

Mwandiko usiutazame, kalamu mbovu.

Nilicheka mpaka Renate akaniletea maji. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu mimi kipeperushi chako nilikisoma mara mbili na sikuona kosa. Nikaongeza na la kwangu.

Mimi niliondoka mara ya kwanza nina miaka kumi na sita. Ilikuwa Machi. Tangu siku hiyo

Wateja wamejaa. Niambie: nyasi za Bibi Beppina zimefika wapi? Bado anazikata mwenyewe? Zikikauka zinanukaje? Nijibu hilo, mengine acha.

Norina


Pradel, 12 Julai 1988

Shangazi, shikamoo, na pole na kalamu!

Kwanza huo mwandiko. Kuku aliyelewa grapa angeandika vizuri zaidi. Nimesoma neno "nyasi" kama "ngazi", nikaenda kumuuliza Bibi Beppina ngazi zake zimefika wapi, nikatukanwa bure. Nunua kalamu mpya, duka lako si masikini.

Nyasi sasa. Nimekaa nazo, nimezinusa makusudi kwa ajili yako, Gerda akaja kuuliza kama nimeanguka. Sijui nisemeje. Siku ya kwanza zikikatwa zinanuka ubichi, kama tango. Siku ya pili inaingia harufu kama ya chai. Siku ya tatu, jua likishazikausha, ni asali na jasho na kitu kingine ambacho sina jina lake, kinakuja mpaka kitandani na kinakunyima usingizi, lakini kwa uzuri. Nimejaribu. Mimi si mshairi, mimi ni mtu aliyezama kwenye tope.

Na hebu sikia jambo hili. Kivutio kikubwa cha nyumba yangu sasa ni hizo nyasi! Bibi Beppina peke yake hazimalizi, basi asubuhi nikachukua reki kumsaidia, wageni wakaja kutazama, wakaona navyoshika, wakanionea huruma, wakachukua reki wenyewe. Daktari wa meno, mkewe, walimu wawili, na akina Pohlmann ambao wamegoma kuondoka. Bibi Beppina anawapigia kelele kutoka kwenye kivuli: "Nyie! Reki si ufagio! Daktari, unavuta nyasi au unang'oa jino?" Hawaelewi neno, wanacheka, wanafanya. Mchana nawapikia polenta, ugali wetu wa manjano, kwa jibini ya moshi. Juzi uliungua chini, nikawaambia ndiyo mila. Wakaomba wa mila tena.

Kwa hiyo kaa ukijua, Shangazi: dau lako hatarini. Nimeshika soko. Kipeperushi kile kile ulichokicheka kinaleta watu kutoka Ujerumani yote! Nimewauliza wanatoka wapi. Daktari kasema karibu na Dortmund. Walimu wamesema karibu na Dortmund. Akina Pohlmann karibu na

Subiri.

Shangazi, Soest iko karibu na wapi?

Nimeacha kalamu nikaenda uwanjani kuwauliza. Wote! Wote wateja wako, na mimi miaka yote nimeinamia vikombe sikuwahi kuzitazama nyuso zao! Daktari anakula aiskrimu ya hazeli kila Jumamosi. Walimu wanakula limau baada ya shule. Mimi mwenye soko, mimi jenerali, sijapata mgeni hata mmoja kwa nguvu zangu, hata mmoja, ni wewe umekaa huko na kijiko unanihesabia wageni kama vikombe! Umeshindana na mimi huku unanisaidia kushinda? Ni mchezo gani huo?

Narudi uwanjani, mvua inatishia na nyasi ziko chini. Nikirudi nitakukasirikia vizuri.


Jioni hiyohiyo

Sijakukasirikia.

Bwana Pohlmann alikuwa anavuta reki kwa mkono mmoja tu, Bibi Beppina akamfokea atumie yote miwili. Akanitania kwa Kijerumani: "Mwambie nauhifadhi huu wa pili. Sitaki niishie kama shangazi yako, mkono wa kulia haupandi hata kufikia sikio."

Nikacheka kwanza. Ndivyo nilivyo mimi, nacheka kwanza.

Nikamwuliza, "Mkono gani?" Akaona uso wangu, akaanza kukusanya nyasi zilizokwisha kukusanywa. Gerda ndiye aliyesema. Tangu vuli iliyopita, na mimi nimekaa nawe baridi nzima sikuona. Soest nzima inajua. Renate ndiye anayekoroga.

Kumbe sanduku halikuwa sababu. Kumbe kalamu si mbovu. Umeniandikia kwa mkono wa kushoto, mimi nikakutolea mfano wa kuku. Mimi mwerevu, mwenye kamusi.

Shangazi, mkono una nini? Nataka uniandikie wewe.

Ilario


Soest, 20 Julai 1988

Ilario,

Mkono ni wangu, sijauazima kwa mtu.

Bega limekauka. Miaka arobaini na mitano ya kukwangua pipa la mashine kwa mwiko wa chuma, hata mlango ungelegea. Daktari anasema likipumzika litarudi, kiasi. Nani anapumzisha bega Julai? Renate anakoroga, mimi naonja, na kuonja sijaharibu.

Pohlmann akirudi hapati tena kikombe cha bure. Mwambie.

Wageni: niliwaambia kuna nyumba, na kuna kijana. Waliokuja wamekuja kwa miguu yao. Waliobaki hawakubaki kwa ajili yangu, mimi siko huko. Fikiri.

Usije. Najua unataka kuja, nakujua. Tulipeana mkono: ukifunga nyumba kabla ya Watakatifu Wote umeshindwa. Kaa na wageni wako.

Norina

Ile ya nyasi nimeisoma. Ya siku ya tatu nimeisoma zaidi.


Pradel, 26 Julai 1988

Shangazi, shikamoo.

Nakuja. Barua hii ikikufikia mimi niko kwenye treni au nimeshapotea Munich.

Andika ukutani, mpe Renate ashuhudie: Ilario ameshindwa. Nimekubali, nitavaa koti jeupe, mwaka huu na mwakani na mpaka hizo mvi. Sitaki ubishi, kwa sababu ukianza ubishi utashinda, na mimi nimeshashindwa vya kutosha kwa mwaka mmoja.

Sharti ni moja. Nikiingia mimi dukani, unatoka wewe. Unapanda treni, unakuja huku. Ufunguo uko kwa Bibi Beppina, sufuria yako ya shaba pia, nimeiona kwa macho yangu ana mboga ndani yake. Wageni wapo wanne, Gerda anamenya viazi, Bibi Beppina atapika, kazi yako ni kukaa kwenye kiti na kuwatisha. Reki hushiki. Nimewaambia wote, wakikuona na reki wapige kengele ya kanisa.

Nyumba haifungwi. Lakini niliyetakiwa kuisimamisha ni mimi, na mimi ninaondoka, kwa hiyo hesabu ni hesabu.

Ilario


Soest, 11 Agosti 1988

Shangazi, shikamoo, habari za nyumbani?

Huku wazima. Renate mzima, ingawa tangu ulipoondoka hanisemeshi isipokuwa kwa vidole: hiki, kile, toka. Ile nusu saa yetu kituoni, wewe unapanda mimi nashuka, hukuniambia hata neno la kwaheri, uliniambia tu "maziwa yakipanda usiyaangalie, yatoe." Basi siku ya kwanza nikayaangalia. Dari inapigwa rangi kesho.

Siku ya pili nikatengeneza aiskrimu ya pistachio ambayo daktari wa meno, aliyerudi kutoka kwetu, aliionja akauliza kama ni dawa. Siku ya tatu nilishika mwiko wako mrefu. Nimekuwa nikiuona tangu utoto, sikuwahi kuuona uzito wake. Kufikia saa sita bega langu lilikuwa linaniuliza nimelikosea nini. Nina miaka ishirini na mbili, Shangazi. Nilikaa juu ya gunia la sukari nyuma na sikusema mzaha wowote, Renate akadhani ninaumwa, ndipo akanisemesha.

Halafu nimekiona kipeperushi changu. "Nimeiweka mahali," ulisema. Mahali penyewe ni kwenye kioo cha mlango, usawa wa macho, hakuna anayeingia asikione! Na chini, baada ya ile sleji uliyoiongeza mwenyewe, umeandika kwa mwandiko wa kuku, samahani, kwa mwandiko wako: *Nyumba ya mtoto wa kaka yangu. Chakula kizuri, vitanda safi. Kuhusu njia, msimwamini.*

Kumbe uliliandika hilo mapema, kabla hata ya ziwa! Nimesimama mbele ya mlango ule nikacheka peke yangu, mteja mmoja akanipisha kwa mbali.

Wanakuuliza, kila mtu. "Bi. Norina yuko wapi?" Nawaambia yuko kiangazini. Ndivyo nilivyosema, kama vile ni nchi.

Niandikie. Umekaa kwenye kiti?

Ilario


Soest, 5 Septemba 1988

Shangazi, hujajibu.

Sasa naelewa ulivyokuwa unahisi mwezi Mei. Samahani ya Mei.

Hazeli imeanza kuliwa. Jana bibi mmoja aliomba ya pili, nikamwuliza kama ana hakika, kama yule mchapaji.

Bega likoje? Nyasi za pili zimekatwa? Au umeondoka? Au umepotea?

Ilario


Pradel, 18 Septemba 1988

Ilario mwanangu,

Marahaba zote zilizochelewa. Utaona barua hii ni ya mkono wa kulia. Polepole, nikipumzika kila mistari mitatu, lakini wa kulia.

Hapa wazima. Bibi Beppina amerudisha sufuria, amesema alikuwa ananitunzia, kwa miaka kumi na moja, ni mwema sana. Helmut mnene. Hachinjwi, Gerda amemwandikia kadi kutoka Soest, sasa utamchinjaje mnyama anayepokea barua? Paa lako nimeliona. Kitabu hicho kichome.

Umeuliza kama nimepotea. Ndiyo.

Siku ya nne nilitaka kwenda kwenye kaburi la baba yako. Kwenda kanisani kwangu, kijiji changu, nina miaka sitini na mmoja! Nikasema nakata nyuma, kwenye ule uwanja mweupe. Walimu wawili wa Soest walinitoa kwenye tope. Mmoja akasema kwa adabu, "Bi. Norina, sisi huwa tunazunguka kushoto." Tunazunguka! Wameshakuwa wenyeji, mimi mgeni. Bibi Beppina alikuwa mlangoni. Aliyoniambia siyaandiki, wewe ulipata nafuu.

Na ziwa nililiona. Nilikaa pale tangu asubuhi mpaka njaa. Nikavua viatu nikaingiza miguu, maji baridi kama mashine yangu lakini hayataki kukorogwa. Wale bata wako wapo. Jioni Kiti cha Mungu kikawa chekundu, mwamba mtupu, bila theluji hata chembe. Mimi siku zote nilijua ni mlima mweupe. Nilipokuwa binti niliujua huo wekundu, mwanangu, nina hakika niliujua. Nikausahau, kisha nikasahau hata kwamba nimeusahau.

Nilikukatia barua moja katikati. "Tangu siku hiyo", niliandika, halafu nikasema wateja wamejaa. Duka lilikuwa tupu. Tangu siku hiyo sikuwahi kukaa hapa Juni, wala Julai, wala Agosti, hata mara moja. Miaka yote nawaambia watu wa Soest kwetu kuzuri, nawaelezea kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Ulipoleta wazo lako la wageni nikasema huyu mtoto ni mvivu, anakimbia mwiko. Nikakupa dau ili ushindwe. Halafu nikabandika kipeperushi ili usishindwe. Usiniulize. Bega lilikuwa linauma, nilikuwa na akili mbili.

Nyasi za pili tulizikata wiki ya kwanza ya mwezi. Nilishika reki. Walipiga kengele ya kanisa, kweli, wapumbavu nyinyi. Nikaendelea kwa mkono wa kushoto, na sikulia, ni vumbi la nyasi, muulize yeyote. Harufu uliyoshindwa kuipa jina, ile ya siku ya tatu: mimi nami sina jina lake. Tumefungana.

Sasa dau. Ulisema hesabu ni hesabu, basi hesabu vizuri. Tulisema nyumba isimame mpaka Watakatifu Wote. Imesimama, leo ina wageni watano, na mpaka siku hiyo haifungwi. Kati yao wawili ni Waitalia wa Padova, walikiona kipeperushi kwa mchapaji wa Belluno, amekibandika ukutani anawaonyesha watu wacheke. Wamekuja kuona nyumba ya mtu aliyeandika vile. Wageni wako hao, Ilario. Si wangu. Umewaleta kwa ujinga wako mwenyewe, hakuna aliyekusaidia.

Renate nimemwandikia. Duka alishike yeye, anakoroga vizuri kuliko mimi na anawasemesha watu pale tu inapobidi. Amekubali kwa kadi yenye neno moja. Koti jeupe mwachie yeye, wewe lilikuwa linakufanya ufanane na nesi.

Malizeni msimu, fungeni duka, fueni mapazia. Kisha uje. Mwiko mrefu uchukue, Bibi Beppina anasema kwa wageni wa mwakani polenta haitakorogeka kwa mti. Kipeperushi kipya tutakiandika pamoja, wakati wa baridi, lakini safari hii tunaandika tulichokiona, na Bibi Beppina anakisoma kabla hakijaenda Belluno.

Kukianza baridi watarudi wote, basi baada ya basi, kila mtu kwenye nyumba yake ya giza. Mimi nitakuwa nimeshatangulia, nimeungua jua mpaka puani kama mkulima.

Basi lako likifika kona ya daraja usisinzie. Tazama juu, bomba letu.

Shangazi yako,
Norina